Waya Uliozunguka Kaburi

Kuna sentensi moja ya maswali ya fizikia ambayo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, na siku hizi nikiiona damu inanichemka. Inasema: chukulia kwamba nyaya za kuunganishia hazina ukinzani. Mwanafunzi akishaisoma anafurahi, maana mambo yamerahisishwa. Betri ina volti kumi na mbili, mkondo ni ampea nne. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani wa omu tatu. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu ya wati arobaini na nane. Piga mstari chini ya jibu, nenda ukacheze mpira. Nafundisha sekondari hapa Arua, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapa watoto alama kamili kwa jibu hilo. Halafu nikaenda nyumbani kwetu Midia, upande wa Koboko, nikakutana na nyaya zenyewe.

Kilichonipeleka ni pumzi ya mama yangu.

Mama ana pumu. Alitoka upande wa Kongo alipoolewa na baba, na Kikakwa cha ukweni hakikuwahi kumkaa vizuri mdomoni, ndiyo maana sisi watoto wake tumelelewa kwa Kiswahili, cha mama kikitoka kwao na cha baba kikitoka sokoni. Pumu yenyewe alikuja nayo. Miaka ile ya ujana ilikuwa inamsumbua kidogo tu, anakaa chini, baba anamshika mabega kwa nyuma mpaka kifua kitulie, kisha anaendelea na kazi. Baba alipofariki ni kama pumu iliona hakuna tena wa kuizuia. Kiangazi kikifika, vumbi la barabara na la kupepeta ufuta linamwingia, na ile dawa ya kupuliza mdomoni haitoshi. Daktari mmoja wa Arua akaniambia mama anahitaji mashine ya kumgeuzia dawa kuwa ukungu. Aliniambia tena kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema mambo ambayo hawataki kuyarudia, kwamba siku moja kifua kitafunga na hospitali itakuwa mbali.

Nikaitafuta mashine. Kwetu umeme wa nguzo haujafika, kwa hiyo nilitaka ile inayotumia betri, ya kuchomeka hata kwenye gari. Nilipoipata na kuigeuza, nilicheka peke yangu pale dukani. Mgongoni iliandikwa volti kumi na mbili, ampea nne. Swali langu la ubaoni lilikuwa limekuja kunisalimia.

Betri nyumbani ilikuwepo. Baada ya mazishi ya baba, sisi watoto tulichanga tukanunua paneli ya sola na betri kubwa, ili mama asibaki gizani. Lakini kwetu kitu hakiendi moja kwa moja kwa mjane. Mji, yaani nyumba zote za ukoo zilizo pamoja, una mkuu wake, na mkuu wa mji wetu sasa ni baba mkubwa, kaka wa baba. Tukamkabidhi yeye mbele ya watu, ikaombwa sala, vigelegele vikapigwa, na paneli ikapanda juu ya paa lake la bati. Betri ikawekwa sebuleni kwake ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Kutoka hapo waya ukaenda kwenye nyumba nyingine, na wa mwisho kabisa ukawa wa mama.

Sasa niseme juu ya huo waya, maana ndio ulionitia wazimu.

Nyumba ya baba mkubwa na nyumba ya mama zinatazamana. Mtu akiongea kwa sauti ya kawaida upande huu, upande ule anasikika. Katikati yake kuna makaburi ya saruji, la babu, la bibi na la baba, kama ilivyo katika miji mingi ya kwetu. Hatuyaogopi. Wageni wanayakalia, watoto wanayachezea, na mama anaanika muhogo juu ya la baba, kwa sababu, anasema, hata alipokuwa hai alikuwa hapendi kukaa bure. Lakini kupitisha kitu juu yake, kamba ya nguo au waya, kitoke upande huu kiende upande ule, hapana. Anayelala hapitishiwi kitu kichwani. Kwa hiyo siku ya kufunga sola, baba mkubwa alisimama pale uwanjani na fimbo yake akamwelekeza fundi, na waya ukatoka nyumbani kwake ukapita nyuma ya jiko, ukafuata ua wa bafu, ukaenda hadi mwanzo wa shamba la muhogo, ukarudi, na ndipo ukaingia kwa mama. Mita sitini za waya mwembamba, mahali ambapo nusu yake ingetosha. Na hizo sitini umeme unazipita mara mbili, kwenda na kurudi.

Siku ya kwanza niliichomeka mashine kwa majivuno. Mama alikuwa amekaa kitandani, kofia ya plastiki imemfunika pua na mdomo, dawa iko kwenye kikombe chake. Mashine ikaguna. Ikatetemeka kidogo, ikaguna tena. Ukungu haukutoka. Mama akasubiri kwa adabu, halafu akaivua ile kofia.

"Hii mashine yako iko nakohoa kuliko mimi," akasema.

Nikaibeba hadi Koboko kwa fundi wa redio na simu. Akaichomeka kwenye betri ya dukani, ikanguruma vizuri, ukungu ukatoka kama mvuke wa sufuria. Nikairudisha Midia. Ikaguna. Likizo iliyofuata nikaipeleka tena Koboko, ikanguruma tena. Fundi akaanza kunitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii mashine haina ugonjwa. Iko mzima kabisa. Ugonjwa iko huko kwenu."

Ndugu yangu mdogo, ambaye anaishi pale nyumbani na familia yake, alikuwa na maelezo yake. Alisema vitu vya mjini vina maringo. Nilimwambia anyamaze, na alinyamaza, lakini alikuwa anatabasamu.

Mwisho nikaazima mita ya kupimia umeme ya maabara ya shule, nikaja nayo kwenye mkoba pamoja na chaki, maana bila chaki mimi siwezi kufikiri. Na hapo kichwa kikaanza kuniuma kweli. Nilipima betri kwa baba mkubwa, nikapata volti kumi na mbili. Nilikwenda kwa mama nikapima kwenye ncha ya waya, nikapata volti kumi na mbili. Baba mkubwa alikuwa amenifuata, fimbo mkononi, akachungulia ile namba.

"Ni ngapi?"

"Kumi na mbili, Baba mkubwa."

"Na kwangu ilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sasa mita yako mwenyewe imesema," akasema, akaondoka zake akiwa ameridhika.

Nilitamani kulia. Maana najua, na ningemweleza mtu yeyote ambaye angekubali kunisikiliza, kwamba waya ambao hakuna kinachopita ndani yake haupotezi kitu. Ndiyo maana ukipima bila kuwasha unadanganyika. Nikaichomeka mashine, na ilipokuwa inaguna nikapima tena. Volti saba na pointi mbili. Nikapima mkondo, ampea mbili na pointi nne. Nikachuchumaa mlangoni kwa mama nikaandika kwenye saruji kwa chaki. Saba na pointi mbili gawanya kwa mbili na pointi nne, tatu: hiyo ni mashine, omu tatu zake zile zile, haina kosa. Kutoka kumi na mbili hadi saba na pointi mbili zimepotea volti nne na pointi nane. Gawanya kwa mkondo ule ule, mbili. Omu mbili za waya mtupu! Mashine ya omu tatu inagombania betri na waya wa omu mbili. Nikazidisha ili nipate nguvu. Mashine ilikuwa inapata wati kumi na saba, nayo inataka arobaini na nane. Waya peke yake, ukizunguka zunguka nyuma ya bafu, ulikuwa unakula wati kumi na moja na nusu, kwa kazi ya kujipasha joto.

Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Nikaenda kwa baba mkubwa nikapiga magoti, kama binti wa kwetu anavyopaswa kumsalimia mkubwa wake, na nikabaki hapo hapo nikieleza. Kubishana huku umepiga magoti ni kazi ngumu. Shingo inauma, na kila unachokisema kinatoka kama ombi hata kama ni hesabu.

"Taa ya mama yako iko nawaka?" akaniuliza.

"Inawaka, Baba mkubwa."

"Iko nawaka na waya gani?"

"Huo huo."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikamweleza kwamba taa hizi za kisasa zinakunywa kidogo sana, ni kama mgeni anayeonja tu chakula, lakini mashine ni kama wavunaji waliorudi kutoka shambani. Chakula cha kumtosha mgeni hakiwatoshi wavunaji. Akaniambia kwamba katika nyumba yake mgeni hajawahi kuonja tu. Watu waliokuwa pale barazani wakacheka, nami nikiwa bado nimepiga magoti.

Watu pale barazani hawakosekani. Wamekuja kuchaji simu: majirani, na wafanyabiashara wa kutoka Sudan Kusini wanaopitia kwetu wakienda soko la Koboko. Wanakaa, wanaleta habari za njiani, na baba mkubwa anakaa katikati yao kwenye kiti chake. Yeye ni mzee asiye na mke sasa, na watoto wake wako mbali. Nilipopata ujasiri wa kumwomba betri ihamie kwa mama, yeye abaki na paneli na taa, hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Binti," akasema, "mbele ya hii betri kufika, nani alikuwa nakuja kunisalimia?"

Na hilo ndilo lilinichoma zaidi, kwamba sikuweza hata kumchukia mzee yule kwa raha.

Nilirudi Arua nikanunua waya mnene. Hesabu ni rahisi, waya ukinenepa ukinzani unapungua. Ulikuwa mnene kweli kweli, umejaa mkononi, nikaubeba hadi Midia kama mtu anayepeleka mahari. Tukautandika njia ile ile ya kuzunguka, nikachomeka, nikapima. Volti nane na kidogo. Nilichukua kisu nikaupasua. Unene wote ulikuwa plastiki! Ndani mlikuwa na nyuzi chache, nyembamba kama nywele, zimepakwa rangi ya shaba juu na ukizikwaruza ni nyeupe. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikatukana kwa lugha zote ninazozijua, na mama akaniambia nipunguze sauti, baba yako amelala hapo. Tukaurudisha ule waya wa zamani. Wa shaba halisi wenye unene ule, kwa urefu ule, mshahara wangu haukuufikia.

Basi nikasema ninunue betri nyingine, ndogo, ya mama peke yake. Hapo aliyekataa ni mama mwenyewe.

"Betri mbili katika mji moja?" akasema. "Batu watasema nini? Watasema mjane amekata mji. Mi sitaki."

"Mama, watu watasema nini ukifa?"

"Watasema alikuwa mutu ya heshima."

Nikamwuliza basi kwa nini asiende kupumulia barazani kwa baba mkubwa, karibu na betri. Alinitazama kana kwamba nimemwambia atembee uchi. Mjane wa kwetu hakai mbele ya kaka mkubwa wa mumewe akiwa amefunikwa mdomo, anakohoa, anatema. Hata kupita mbele ya baraza ile anainama. Nikamwambia basi aje Arua akae nami. Akasema Arua vumbi lake ni la magari, na nani atapalilia muhogo. Huo ndio ulikuwa mduara wangu. Kila mtu ndani yake alikuwa na adabu, kila mtu alikuwa na sababu, na mama yangu alikuwa anakosa pumzi kwa upungufu wa wati thelathini na moja.

Darasani wakati huo nilikuwa mtu wa kuogopwa. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa nini tunachukulia kwamba nyaya hazina ukinzani kama kweli zinao. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akajibu swali lililoandikwa.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa nyumbani, na ilikuwa saa za mchana, jua kali, upepo unatoka upande wa Dranya na vumbi lake lote. Mama alikuwa amekaa juu ya kaburi la baba akigeuza muhogo alioanika. Nilikuwa jikoni. Nilisikia anakohoa, nikasema atanyamaza. Hakunyamaza, na halafu akanyamaza kwa namna mbaya. Nilipotoka alikuwa ameshika ukingo wa saruji kwa mikono miwili, mabega yamepanda hadi masikioni, mdomo wazi, na pumzi inayotoka ilikuwa na mlio wa mluzi. Ile dawa ya kupuliza nilimpulizia, nikampulizia tena. Macho yake yaliniangalia tu.

Nilijua kabisa kuna nini nyumbani kwake: mashine inayoguna. Nilijua pia betri iko ndani ya sanduku lenye kufuli, na baba mkubwa alikuwa amekwenda senta, madukani, na ufunguo wake mfukoni. Ndugu yangu alikimbilia barabarani kutafuta pikipiki ya kumpeleka mama Koboko, na nilijua mama asingeweza kukaa juu ya pikipiki.

Sikufikiri kwa chaki siku hiyo. Nilichukua panga la jikoni, nikaenda nyuma ya jiko, nikaukata waya wa mji mzima. Upande uliobaki umeshikana na betri nikaukokota, nikatoka nao uwanjani moja kwa moja kuelekea kwa mama. Ulikuwa mfupi. Nilikuwa nauvuta huku namwomba Mungu ufike, na ukafika pale penye muhogo, si zaidi. Nikamenya ncha zake kwa meno. Mke wa ndugu yangu alikuwa amekimbia kuleta mashine. Nikaiweka juu ya kaburi la baba kati ya vipande vya muhogo, nikaunganisha.

Ikanguruma.

Sikuwahi kusikia sauti nzuri hivyo. Ukungu ukatoka, nikamfunika mama kofia ile, nikakaa nyuma yake nikamshika mabega, kama baba alivyokuwa anafanya. Alivuta. Akavuta tena. Muda mrefu ulipita kabla mabega yake hayajaanza kushuka mikononi mwangu, na yaliposhuka ndipo nikaona kwamba nalia, na kwamba pembeni kuna kundi la watu, na kwamba baba mkubwa amesharudi. Alikuwa amesimama na fimbo yake, anaangalia waya uliotoka nyumbani kwake ukanyooka hadi juu ya ndugu yake.

Nilijiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno, na siku hiyo nisingepiga magoti. Mama naye alianza kuinama, bado na kofia usoni, ili amwonyeshe heshima. Mzee akamwashiria kwa mkono abaki alivyo, na akageuza uso wake upande wa shamba ili asimtazame.

"Waya haikupita juu yake," akasema, kama anayetoa hukumu ya baraza. "Imefika, imesimama. Kupita ndiyo mbaya. Kufika haina neno."

Akaingia ndani.

Nilipima baadaye, mama alipokuwa amepata nafuu, kwa sababu mimi ni mtu wa namna hiyo. Volti kumi na pointi tatu, ampea tatu na pointi nne. Wati thelathini na tano. Bado kumi na tatu hazipo, lakini zilizopo zinatosha kutoa ukungu. Nikasema, hapo sasa ushahidi uko mbele ya macho ya kila mtu. Waya mfupi, mashine inafanya kazi, mama anapumua. Hata jiwe lingeelewa. Kesho betri itahama.

Kesho yake niliamshwa na sauti ya kuchimba. Baba mkubwa alikuwa amewaita wanaume wa ukoo, na walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo kuzunguka kaburi la baba. Walikata miti, wakaleta nyasi, wakafunga kamba, mke wa ndugu yangu akapika chakula cha watu wote hao. Jua lilipokuwa linashuka kaburi lilikuwa na banda zuri la nyasi, lenye ukuta wa matete upande wa baraza ya baba mkubwa ili mama akae asionekane. Ndugu yangu aliuunga tena waya wa taa, na pale bandani akaacha ncha mbili za mashine zikining'inia kwenye nguzo. Wazee walisifu kazi. Nilisimama pale na mita yangu nikiwaangalia wanaume wazima waliodamka na kushinda wakijenga nyumba, ili wasibebe betri moja kuvuka uwanja.

"Umeona?" baba mkubwa akaniambia, amefurahi kwa dhati. "Sasa hata mvua iko sawa."

Nilipiga magoti nikasema asante. Ningefanya nini?

Na tangu siku hiyo nimeshindwa kabisa, kwa sababu kitu kikishafanya kazi kidogo, nani atakubali kukibadilisha? Nikitaja betri, wananionyesha banda. Nikitaja upepo wa mvua unaoingia pembeni, wanaongeza matete. Nikitaja siku ambayo mama hataweza kutoka kitandani hadi pale, mama mwenyewe anabadilisha mazungumzo. Kila kifua kinapombana anajikokota kutoka nyumbani kwake, anavuka uwanja, anaingia chini ya nyasi, na anapumua akiwa amekaa juu ya mume wake.

Likizo iliyopita nilikaa naye pale. Alikuwa ameshatumia nusu ya dawa, ameivua kofia kidogo ili apumzike, na mita yangu ilikuwa juu ya saruji kati yetu. Aliniuliza ile namba inasema nini. Nikamwambia kwamba mashine yake inapata thelathini na tano badala ya arobaini na nane, na kwamba kama betri ingekuwa karibu angepata zote, na angemaliza dawa haraka, asichoke hivi. Nilisema kwa ukali, na si yeye niliyekuwa namkasirikia.

"Na ile inapotea kwa waya, iko naenda wapi?" akauliza.

"Inageuka joto. Kama wati sita hivi. Zinapasha waya joto bure, Mama, basi."

Waya ulikuwa mrefu kuliko ilivyohitajika kutoka kwenye nguzo, na sehemu iliyozidi ilikuwa imelala kwenye saruji, upande wa kichwani kwa baba. Mama akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo. Mimi najua joto la wati sita likitawanyika kwenye waya wote ule huwezi kulisikia kwa mkono. Nilitaka kumwambia. Yeye alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeguswa na kitu.

"Basi haipotei," akasema. "Iwachie baba yako, alikuwa nasikia baridi sana. Mi hii inanitosha."

"Haitoshi, Mama," nilisema. "Haitoshi."

Lakini alikuwa amesharudisha kofia usoni, na mashine ilikuwa inanguruma, na hakunisikia.